Cheti cha Shingo

Kanduyi,
11 Februari 1990

Kwa mpwa wangu Kundu, mtoto wa dada yangu, mwangusha watu wa Amerika,

Pokea salamu za mjomba wako Erasto Nakhungu, ambaye akipita hapa Kanduyi hata wenye baiskeli wanashuka. Sote tunapumua. Ng'ombe pia. Mvua bado, lakini nimeiambia mwezi ujao isichelewe.

Ile kaseti ya video ilifika. Niliipeleka moja kwa moja kwa hoteli ya Kemboi, maana yeye ndiye ako na mashine. Watu walijaa, wengine wakakalia kreti za soda. Sasa ikatokea kwamba kaseti ya Amerika na mashine ya Kenya haziongei. Picha ni mistari tu, nyeusi na nyeupe, inatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Kemboi akasema, "Mzee, hii imeharibika, wacha niweke ile ya karate." Nikamwambia, "Nyamaza wewe! Mpwa wangu ako na mbio, ndiyo sababu mashine yako haimshiki." Nikasimama kando ya televisheni na kijiti, nikawaelezea. Huyu mstari mnene ni Kundu. Hawa wembamba ni maadui. Saa mbili nzima, na hakuna mtu alitoka. Ulimwangusha mtu wa kilo mia moja hamsini, akaamka akauliza njia ya kwao.

Nimewafundisha pia ule mpira wa Amerika, kwa sababu walidhani ni raga. Nikawaambia, wenzake wako na kazi ya kubeba mpira, Kundu kazi yake ni kumlaza anayeubeba. Alienda huko mwaka wa themanini na nne kurusha kisahani, Wazungu wakaangalia yale mabega, wakasema, kisahani ni cha nini, huyu tumpatie watu awarushe. Sasa ni mwaka wa nne analipwa kwa hiyo kazi.

Lakini uliandika ati tangu Novemba hujaingia uwanjani kwa sababu ya kifundo cha mguu. Watu wakiniuliza nawaambia unapumzishwa kama fahali wa maonyesho. Unarudi lini?

Usisahau 1978. Ulikuja kwangu vile desturi inataka, mtoto atakayekatwa kesho aende kwanza kwa mjomba wake, ndugu ya mama. Nikachinja, nikakuvisha shingoni ule ukanda wa nyama ya kifua ungali na moto wa mnyama, nikakuambia mbele ya wote, "Kama kesho utapepesa jicho, nirudishie nyama yangu saa hii!" Asubuhi ukasimama kwa baridi, umepakwa matope ya mto, na nzi akatua kwa jicho lako. Ulimwangalia mpaka nzi akaona haya. Hiyo damu imetoka kwangu. Mimi 1956 kule Sirisia, ngariba alipomaliza nilimwuliza, "Mzee, utaanza saa ngapi?"

Ni mimi mjomba wako,
Erasto Nakhungu


Amerika,
4 Machi 1990

Mjomba,

Salamu. Samahani kwa mwandiko huu, ninaandika kwa mkono wa kushoto.

Si kifundo cha mguu. Nakuambia wewe peke yako, na Mama asijue. Novemba nilimwendea mtu nikiwa nimeinamisha kichwa. Tulipogongana moto ulishuka kutoka shingoni hadi vidoleni, kisha mikono na miguu yote ikapotea. Nililala nikiangalia mawingu. Nilisikia watu elfu sitini wakinyamaza. Zilipita kama dakika nne, ikaanza kurudi, kwanza miguu. Nikainuka na kuwapungia, wakashangilia. Nikasema ni mguu umeteguka.

Daktari wa timu amenipima na kusema niko sawa. Lakini mkono wa kulia haukurudi wote, kwa hiyo nilienda kwa daktari mwingine, kwa siri, mji wa mbali. Amenipiga picha za shingo na kuniandikia karatasi. Nimeiweka humu ndani. Iko kwa Kiingereza. Inasema kile ambacho mimi sitaki kusema. Sitaki kukaa nayo kwa sababu kila asubuhi naisoma. Niwekee pamoja na vyeti vyangu vya shule.

Mazoezi ya msimu mpya yanafunguliwa tarehe 20 Julai. Kuna kijana wa miaka ishirini na miwili anayengojea nafasi yangu. Ni kijana mzuri. Hapa mtu akisema anaumwa, nafasi yake imekwisha siku hiyo hiyo, wala harudishiwi.

Niandikie tena jinsi ulivyosimama 1956. Usiache kitu.

Mpwa wako,
Protas Kundu


Kanduyi,
30 Machi 1990

Kundu mwanangu,

Barua imefika na cheti kimefika! Mbona unasema nifiche? Kitu kama hicho hakifichwi, bana. Karatasi nzito, muhuri wa buluu, jina lako juu kwa herufi kubwa, halafu nambari nambari kushuka chini. Unajua shule mimi niliiacha darasa la nne, lakini alama nikiziona nazijua. Nikasema huyu kijana kalala kama maiti dakika nne, kaamka, na daktari mwenyewe wa Kizungu ameshika kalamu kuandika ati shingo kama hii hajawahi kuona.

Nimepeleka kwa fundi Rotich akaitia fremu na kioo. Iko kwa ukuta wa Kemboi, upande wa kaunta, kando ya kalenda. Watu wanakuja kuitazama. Mwalimu mmoja alianza kuisoma akakunja uso, nikamtoa, nikamwambia wivu wako uende nao nyumbani.

Huo moto wa mkono usikusumbue. Mimi niliwahi kukanyagwa na trekta pale Mabanga, mkono huu huu, trekta ndiyo ilipelekwa gereji.

Umeniuliza 1956. Sikia. Baridi ilikuwa ya kuua nyoka. Tulikuwa kumi na mmoja. Mimi nilikuwa wa kwanza kwa mstari, kwa sababu wengine walikataa kunitangulia. Ngariba alipiga hatua, akaona macho yangu, kisu kikamtoka mkononi. Nikakiokota, nikakifuta matope, nikamrudishia nikasema, "Pole mzee, endelea." Alipokata nilikuwa nahesabu ndege angani. Walikuwa tisa.

Kwa ukoo wetu hakuna aliyewahi kukaa chini, Kundu. Tarehe ishirini Julai ingia hapo. Huyo kijana wa miaka ishirini na miwili angoje mpaka azeeke.

Pasaka naenda Kitale kwa mama yako. Nitaibeba hiyo fremu aione na macho yake. Amechoka kulia juu ya mguu.

Ni mimi,
Erasto Nakhungu


Kitale,
17 Aprili 1990

Kundu,

Naandika nikiwa jikoni kwa mama yako. Yeye hasemi na mimi. Nakuambia yote vile ilikuwa.

Jumapili ya Pasaka baada ya kanisa nilifika na fremu kwa gunia. Dada yangu Nakhumicha alikuwa amepika, na jirani yake alikuwako, Sista Chemutai, yule nesi. Nikatoa fremu, nikaisimamisha juu ya kabati, nikaanza hotuba. Nikasema, haya, tazameni cheti cha shingo.

Sista alikuwa na kikombe cha chai. Alisogea akaanza kusoma. Nikasema, "Soma kwa sauti, Sista, mama yake asikie." Hakusoma kwa sauti. Akarudia kutoka juu.

Akaniuliza, "Mzee, nani alitia hii kwa fremu?"

Nikamwambia, "Ni mimi. Si ni nzuri?"

Akasema, "Hii si cheti. Inasema njia ya uti wa mgongo hapa shingoni kwake ni nyembamba, na kuna mahali umekwisha kuumia. Inasema akigongwa tena namna ile anaweza kukosa mikono na miguu maisha yake yote. Hata pumzi. Inasema asicheze tena. Wamepiga mstari chini ya hilo neno, tazama, hapa. Asicheze tena."

Mama yako alikuwa ameshika birika. Aliiweka chini polepole. Nilidhani atapiga nduru. Hakupiga. Akanitazama akasema, "Erasto, ni wewe ulimvisha nyama shingoni. Ni wewe utaitoa."

Tangu hapo hajaniita kwa jina.

Kundu, nilisoma tena barua yako ya Machi. Uliniambia inasema kile hutaki kusema, na mimi nikaiweka kando ya kalenda. Nilikuambia uingie. Sasa nakuambia usiingie. Usiingie hata dakika moja.

Na kuna jambo lingine. Lile la 1956 si kweli. Sikuwa wa kwanza. Sikuokota kisu. Ngariba aliponigusa nililia kwa sauti ambayo ng'ambo ya mto waliisikia, nikaruka, nikakimbia. Walinikamata, watu wazima wanne, nikakatwa nimelazwa chini kama mbuzi. Mjomba wangu aliyenivisha nyama aligeuka akaenda zake, na mpaka anakufa hakunipa mkono. Wenzangu walipotoka jando waliimba jina langu njiani. Ndiyo sababu nilihama Sirisia. Watu wa Kanduyi niliwaambia nilifuata biashara. Ni miaka thelathini na nne sijakanyaga soko la huko, na si mbali.

Hata marehemu mke wangu hakujua. Mama yako alikuwa mdogo, alifichwa. Sasa wajua wewe.

Na nimeishi, Kundu. Nilikimbia na nikaishi, nikaoa, nikakuvisha nyama. Kaa chini, mwanangu.

Mjomba wako,
Erasto


Amerika,
20 Aprili 1990

Mjomba,

Barua yako ya tarehe 30 Machi nimeipata leo. Iondoe ukutani. Usiipeleke Kitale. Nakuomba sana. Kama hujasafiri, usisafiri nayo, ichome. Kuna nesi anaishi jirani na Mama.

Kocha ameniuliza kama niko tayari kwa Julai. Nimemjibu ndiyo.

Kundu


Amerika,
12 Mei 1990

Mjomba,

Barua yako ya Kitale imefika. Kwa hiyo Mama anajua. Yaliyopita yamepita, sikulaumu.

Lakini ile habari ya 1956, nimecheka. Samahani, ni kweli nimecheka. Watu wanne, ng'ambo ya mto, wenzako wakiimba. Umeipanga vizuri kuliko ile ya trekta. Najua namna ilivyoandikwa: Mama amekaa upande mmoja, Sista Chemutai upande mwingine, na wewe katikati na kalamu. Mngefanya nini kingine? Mnanipenda.

Mjomba, mimi najua ulisimama. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi na minne, nimepakwa matope, na niliogopa. Nilichoshikilia ni wewe tu. Nilisema Erasto alihesabu ndege, mimi nitahesabu watu. Novemba nilipolala pale pia nilihesabu. Ukiniondolea hilo sasa, miezi miwili kabla, unataka niingie na nini?

Najua karatasi inasema nini. Madaktari wanaandika mabaya yote ili wasilaumiwe. Huenda isitokee. Mkono umepata nguvu kidogo, naweza kufunga kifungo cha juu kama sina haraka. Nina miaka ishirini na sita na hii ndiyo kazi ninayoijua. Tarehe 20 nitaingia.

Kiptanui, yule mkimbiaji wa Kitale tuliyesafiri naye mara ya kwanza, yuko likizo huko mwezi wa Juni na atarudi Julai. Ukiwa na kitu cha kutuma mpe. Lakini habari ya shingo usiniandikie tena. Inaniingia kichwani, na pale uwanjani mtu mwenye kitu kichwani ndiye anayeumia.

Msalimie Mama. Mwambie ninakula.

Kundu


Sirisia,
30 Juni 1990

Kwa kijana Protas Kundu huko Amerika,

Sisi hatukujui na wewe hutujui. Mimi naitwa Lumbasi, nilikuwa karani wa ushirika wa kahawa, kwa hiyo kalamu nimepewa mimi. Walio na mimi ni Sitati na Mang'oli. Tulikuwa kumi na mmoja tuliokatwa asubuhi moja Agosti 1956, na wanne ndio tumebaki. Wa nne ni mjomba wako Nakhungu. Sisi ni bakoki zake, wenzake wa kisu kimoja, kwa hiyo tuna ruhusa ya kumtukana mpaka siku ya kaburi, na tumeitumia.

Leo ni siku ya soko. Tulikuwa chini ya paa la duka la mbolea tukaona mtu mnene amevaa jezi ya ajabu yenye nambari 54 (baadaye alisema ni yako) anakuja kwetu. Sitati akasema, "Huyu si yule aliyevunja migomba yetu?" Mang'oli akasema haiwezekani, yule alikufa kwa aibu zamani. Yule mtu akafika akasema, "Ni mimi. Nimekuja muniandikie barua."

Mang'oli akamwambia, "Unataka tuandike uongo gani?"

Akasema, "Vile ilikuwa."

"Yote?"

"Yote. Na muweke majina."

Basi, kijana, ilikuwa hivi. Alikuwa wa saba kwa mstari. Kisu kilipomgusa alilia, "Mama wee!", akaruka, akapita katikati ya wanawake, akaingia kwa migomba ya baba yake Sitati akavunja miwili. Alirudishwa na watu wanne. Mmoja alikuwa kaka yangu. Alikatwa amelazwa, mmoja amekalia kifua. Sitati alikuwa wa nane, na anasema mpaka leo hajamsamehe, kwa sababu alisimama akingoja mpaka matope yakaanza kumkaukia mwilini, na aliyekauka anasikia uchungu zaidi.

Mang'oli anataka niandike kwamba mjomba wako alikuwa hodari wa kuwinda panya na kuimba. Hilo pia ni kweli.

Alipotueleza sababu ya kuja, kwamba ni wewe na shingo yako, tulikuwa tumekwisha kucheka. Tulicheka sana. Wauza viazi walikusanyika, na wa mitumba, na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wakati huo, wakaelezwa habari wakacheka na wao. Kuna mama mmoja alikaa chini akishika mbavu. Nakhungu alisimama hapo na jezi yake akangoja tumalize. Halafu akasema, "Sasa andikeni."

Hatuna maneno ya kukushauri. Kuhusu hiyo kazi yako hatuelewi, mtu kulipwa kwa kugonga watu. Tunashuhudia tu.

Lumbasi, nimeandika na kutia sahihi.
Sitati, ametia sahihi.
Mang'oli, dole gumba hapa chini kwa wino wa posta.


Kanduyi,
2 Julai 1990

Kundu,

Ulikataa nisikuandikie habari ya shingo. Sijaandika. Wameandika wengine.

Kiptanui anaondoka tarehe 12. Amesema atakuwa mbali na mji wako lakini ameapa kukufikishia kabla ya 20. Kitale nimemwambia mama yako nilikotoka. Alinipa chai.

Sina la kuongeza.

Erasto


Amerika,
23 Julai 1990

Mjomba,

Kiptanui alifika asubuhi ile ile ya tarehe 20. Alikuwa ameendesha gari la rafiki yake tangu jana yake. Askari wa lango walimkatalia, akawaambia yeye ni ndugu yangu, na mimi ni kama mara mbili yake kwa upana, wakacheka wakampitisha. Alinikuta chumba cha kubadilishia nguo, nimevaa nusu. Kofia ngumu ya kuchezea ilikuwa kwenye magoti.

Nilijua mwandiko si wako, nikafikiri ni Mama amepata mtu mwingine. Nikasoma haraka, nione mahali mlipokosea ili niiweke chini. Wa saba. Migomba. Nikasema haya, Mjomba ameajiri watungaji. Halafu nikafika pale walipocheka wewe ukangoja wamalize.

Hapo nilisimama. Nimesikiliza hadithi zako tangu nijue kusikia, Mjomba. Ndani ya hizo zote hakuna hata moja ambayo mtu anakucheka. Usingeweza kuitunga hiyo. Usingejua uanzie wapi.

Nikasoma tena kutoka mwanzo, sasa nikiamini. Kiptanui aliniuliza kuna msiba? Nikamwambia hapana, mjomba wangu alikwenda sokoni.

Nje walikuwa wameanza kusoma majina. Msimamizi wa vifaa alikuja mara mbili kuniita. Mara ya pili nilijaribu kufunga kamba ya kofia chini ya kidevu na vidole vya kulia havikuiona. Miezi yote hii niliifunga kwa kushoto nikijifanya ni mazoea. Nikaivua. Nikaenda ofisini kwa kocha nikiwa na soksi tu, nikamwambia kwa mdomo wangu yale ya karatasi, yote, na kwamba Novemba nilidanganya. Akaniuliza, "Una hakika?" Nikasema ndiyo. Aliniuliza tena. Nilikaribia kusema hapana, Mjomba, sitakuficha. Ile nyasi ilikuwa imekatwa asubuhi hiyo na harufu ilikuwa inaingia dirishani.

Kabla ya chakula cha mchana walikuwa wamebandua jina langu kwenye kabati. Sijui nitafanya nini. Kiptanui anasema chuo nilichosoma wanahitaji mtu wa kufundisha warusha kisahani. Tutaona. Kuna daktari anataka kunipasua shingoni mwezi ujao ili mkono usiendelee kufa, na amesema niwaambie watu wangu, kwa hiyo nakuambia. Mwambie Mama awe posta ya Kitale tarehe 18 Agosti saa nne asubuhi, nitapiga simu. Nitamweleza mwenyewe. Sista Chemutai awe naye.

Nilipotoka yule kijana alinikuta koridoni na begi. Yeye ndiye amepewa nafasi yangu. Alichukua begi akalibeba mpaka kwenye gari la Kiptanui. Aliliweka ndani vizuri. Akaniuliza nimeumia wapi.

Nikainamisha kichwa, nikamwonyesha.

Mpwa wako,
Kundu